Kabla Hujaiwekea Pikapu ya Mzee Tairi Kubwa

Wasee, leo naongea kuhusu tairi. Najua kuna wale watasema huyu ameishiwa na stori, lakini ukikaa Kegonga utajua tairi si kitu kidogo. Huku gari likikwama, kuna mgonjwa hajafika hospitali, kuna mahindi yamenyeshewa njiani, kuna mkulima amechelewesha marobota yake ya tumbaku na mnunuzi ameshafunga mizani.

Maoni yangu nayasema mapema ndio usimalize bando bure. Pikapu nyingi za zamani za 4x4 ambazo vijana wanataka kuziwekea tairi pana za inchi 33 hazihitaji tairi hizo. Zinahitaji tairi ndefu kidogo, nyembamba, yenye meno, zote nne zikiwa saizi moja pamoja na spea, na dereva anayejua kucheza na upepo. Kama unataka tairi pana kwa sababu inapendeza kwa picha, sema ni picha. Usimdanganye mzee ati ni ya matope.

Sasa tuingie ndani.

Pikapu ya kwetu ni Hilux ya miaka ya tisini, ile mafundi huita LN106. Springi za majani mbele na nyuma, injini ya dizeli ya lita 2.8, hakuna tabo. Namba yake inaanza na KAH, kwa hivyo unaweza kupiga hesabu ya umri wake mwenyewe. Mzee aliinunua ikiwa tayari imebeba maisha ya watu wengine. Leo inabeba mahindi, tumbaku, mabati, ng'ombe, jeneza, na watu wa harusi. Ikifika usiku ndiyo ambulansi ya kijiji. Hakuna aliyeipa hiyo kazi, ilijipata tu nayo kwa sababu ndiyo inayowaka.

Mimi sikusomea uinjinia. Nilikuwa chuo, karo ikakataa, nikaacha mwaka wa pili, na siku hizi naishi kwa video ninazopiga na simu. Kwa hivyo mtu akiniuliza, "Wewe uliyeacha chuo utatufunza nini?" namwambia hii tunayofanya hapa ni hesabu ya duara ya shule ya msingi. Haihitaji digrii.

Stori ilianza Desemba. Braza wangu mkubwa anafanya kazi Nairobi, na alikuja nyumbani akiwa na mpango wote kichwani: tuinue springi, tuweke rimu pana, tuweke tairi za inchi 33 zenye upana wa inchi 12 na nusu. Alikuwa hata ameshapata mtu wa kumuuzia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hizo tairi zitabeba magunia mangapi zaidi?"

Braza akacheka. Mzee hakucheka. Kisha mzee akaniangalia mimi, mwenye simu na muda, akasema, "Wewe unayekaa kwa mtandao usiku kucha, nitafutie ukweli wa hii maneno." Basi nikatafuta. Nilichukua tepu ya fundi cherehani, kalamu, na sahani ya kiuno ya kadibodi, nikapima. Haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na urefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Tairi ambayo pikapu yetu ilikuwa nayo ni 205R16. Hiyo ina kipenyo cha karibu milimita 742. Tairi ambayo watu wengi hupanda kwayo ni 265/75R16. Usiogope hizo namba. 265 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya upana huo inayofanya ukuta wa tairi, na 16 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu unapata kipenyo cha karibu milimita 804. Tofauti ni milimita 62.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanasema gari limepanda sentimita sita. Hapana. Ekseli iko katikati ya tairi. Gari linapanda nusu ya hiyo tofauti, yaani sentimita tatu na chembe. Hata ukienda mpaka inchi 33, ambayo ni karibu milimita 838, difu yako itapanda chini ya sentimita tano. Na kuinua springi hakubadilishi kitu hapo. Ukiinua springi, bodi ndiyo inapanda. Difu inabaki pale pale, kwa sababu imeshikana na ekseli, na ekseli inasikia tairi peke yake.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: je, wewe hukwama kwa sababu difu inagusa chini?

Nitakupa mfano wetu. Mwezi wa Aprili, usiku, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, mama jirani alishikwa na uchungu. Mzee akawasha gari, wanawake wawili wakaingia nyuma na mgonjwa akakaa mbele. Hatukufika mbali. Kuna pahali barabara inashuka kwa mto mdogo halafu inapanda, na hapo kwa kupanda gari likaanza kuzunguka tairi bila kwenda. Tulisukuma mpaka tukakosa nguvu. Mwishowe vijana walimbeba mpaka juu ya kilima, bodaboda ikamchukua huko. Alijifungua salama, mtoto yuko, anatambaa. Lakini dakika zile arobaini hakuna mtu kijijini amezisahau.

Asubuhi nilirudi pale na mzee kutoa gari. Tuliinama chini tukaangalia. Difu haikuwa imegusa tope hata kidogo, ilikuwa kavu. Tumbo la gari lilikuwa juu kabisa. Shida ilikuwa tairi. Meno yalikuwa yameisha, na ile mistari iliyobaki ilikuwa imejaa udongo ikawa laini kama chapati. Nyasi tulizotandika usiku zilikuwa zimetupwa nyuma zote. Na nilipochimba kwa jembe nilipata kitu ambacho kimenibadilisha mawazo: sentimita kumi chini ya lile tope kulikuwa na murram ngumu. Barabara ilikuwepo. Tairi ndiyo haikuifikia.

Hii ndiyo maana nasema upana ni mtego. Tope letu lina aina mbili. Kuna lile la juu juu, linaloteleza, ambalo chini yake kuna kitu kigumu. Hilo linataka tairi nyembamba inayokata mpaka chini na meno yanayojitema udongo. Halafu kuna lile la udongo mweusi unaonata, la mabondeni, ambalo halina mwisho wa karibu. Hilo kweli tairi pana inaweza kusaidia kwa sababu inaelea. Lakini jiulize, wewe unapita lipi mara nyingi? Kutoka kwetu kwenda sokoni Kegonga, kwenda Ntimaru, kushuka Kehancha, shida yetu kubwa ni ile ya kuteleza.

Braza alileta hoja ya Rhino Charge. Hiyo ni mashindano ya kweli na ya maana, yalianza mwaka wa 1989 kuchangia pesa za uzio wa kuzunguka msitu wa Aberdare. Magari yale yana tairi kubwa, sikatai. Lakini mengi hutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, yana winchi, yana watu wa kukimbia mbele na panga na kamba, na Jumatatu hayabebi magunia ya mahindi. Akaniletea tena ile Hilux ya Top Gear iliyoenda kwenye Ncha ya Kaskazini ya sumaku mwaka wa 2007, ikiwa imewekwa tairi za inchi 38 na watu wa Arctic Trucks wa Iceland. Nikamwambia braza, theluji ile inataka gari lielee. Kisha nikamwuliza ni lini mara ya mwisho theluji imeanguka Nyabasi.

Sasa gharama, kwa sababu tairi kubwa haiji peke yake.

Nguvu. Tairi ikirefuka kwa asilimia 8, ni kama umepandisha gia zote kwa asilimia 8. Injini ni ile ile, lita 2.8 bila tabo, na sasa inasukuma gurudumu refu na zito. Kilima ulichokuwa unapanda na gia ya tatu ukiwa na mzigo, utapanda na ya pili. Klachi italia. Ukienda inchi 33 ni asilimia 13. Gari jipya lenye tabo linaweza kuvumilia. Gari la mzee litapumua kwa shida.

Breki. Hii watu hawaisemi kabisa. Mguu ule ule ukikanyaga breki ile ile, tairi ikiwa ndefu zaidi, nguvu ya kusimamisha pale chini inapungua. Kwa 742 kwenda 804 inapungua karibu asilimia 8. Ongeza uzito wa tairi yenyewe, ongeza uzito wa rimu pana, ongeza magunia kumi na tano nyuma, halafu teremka kilima. Kama breki zako tayari zilikuwa za kubembeleza, usiguse saizi ya tairi kabla fundi hajashika breki.

Spidomita. Spidomita ya gari la zamani inahesabu mizunguko tu. Haijui umebadilisha tairi. Ikikuonyesha 50, wewe unaenda 54. Ikikuonyesha 80, unaenda karibu 87. Ukipita mjini ambapo mwisho ni 50, polisi hataki kusikia habari ya kipenyo. Na kilomita pia zinadanganya. Gari likisema limeenda 100, limeenda 108. Ndio maana utasikia mtu akilia, "Tangu niweke tairi kubwa, gari linakunywa dizeli vibaya." Linakunywa zaidi, ndiyo, lakini sehemu ya hicho kilio ni hesabu ambayo hakuirekebisha.

Rimu. 265/75R16 inataka rimu ya inchi 7 hadi 8. Pikapu nyingi za zamani zina rimu za inchi 5 na nusu au 6. Ukiilazimisha kwa rimu nyembamba, tairi inafura katikati, inakula katikati, na ukikata kona ukuta unalala. Kwa hivyo bei uliyoambiwa ya tairi si bei. Ongeza rimu, ongeza kazi ya springi, ongeza kukata fenda inapogusa.

Halafu kuna ile inayoniuma kabisa, kwa sababu naiona kila wiki: kuweka tairi kubwa nyuma tu, mbele ukaacha ndogo, ati pesa ikipatikana tutamalizia. Kwa gari la kusukumwa na nyuma peke yake, sawa, utaishi. Lakini kwa 4x4 kama hizi zetu, ukiingiza gia ya mbele, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Hakuna difu ya katikati ya kusawazisha. Tairi ndogo inataka kuzunguka mara nyingi, kubwa mara chache, na zote zimefungwa mnyororo mmoja. Kwa tope zitateleza kidogo zikasamehe. Kwa ardhi kavu ngumu, kuna kitu kitavunjika, na kitu hicho kiko ndani ya gia boksi au difu, ambapo pesa huenda kulala. Ndio maana nasema nne, pamoja na spea. Spea ndogo kwa 4x4 yenye tairi kubwa ni spea ya kukufikisha kwa pancha tu, gia ya mbele ikiwa imetolewa.

Nilimwandikia mzee haya yote kwa karatasi. Braza akasoma pia. Simlaumu, braza anapenda gari la mzee kuliko hata mzee mwenyewe, na alikuwa anatoa pesa yake mfukoni. Tulibishana mpaka mama akatuambia tukabishanie kwa zizi la ng'ombe. Hoja yake ya mwisho ilikuwa nzuri: "Lakini gari likiwa zuri, watu wanaliheshimu mzee." Mzee akamjibu, "Watu wananiheshimu likifika."

Kilichotokea ni hiki. Tulichagua 7.50R16, ile tairi nyembamba ndefu ambayo utaiona kwa Land Cruiser nyingi za kazi, zile wenzetu wa Tarime wanaziita mkonga. Urefu wake uko karibu sawa na ile 265/75, milimita 800 na kitu, lakini inakaa vizuri kwa rimu ya inchi 6, ambayo tulikuwa nayo. Kwa hivyo zile sentimita tatu tulizipata, ile gharama ya gia na spidomita tuliikubali tukijua, na gharama ya rimu na springi tukaikwepa. Breki zilitengenezwa kwanza. Tairi zilinunuliwa tano siku moja. Pesa iliyobaki kwa mpango wa braza ililipa karo ya muhula mzima ya dada yetu. Ile karo sitaki kuiandikia sana, lakini mtu ambaye chuo kilimshinda kwa sababu ya karo anajua ina uzito gani.

Kabla ya kununua tuliangalia vitu viwili ambavyo naomba na wewe uangalie. Cha kwanza ni namba ya mzigo iliyoandikwa ukutani mwa tairi. 104 maana yake tairi moja inabeba kilo 900. 110 ni kilo 1,060. Kuna tairi pana za mtumba zimetoka kwa magari ya starehe, zinaonekana za nguvu, lakini hazikutengenezwa kubeba tumbaku. Cha pili ni tarehe. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 2314, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Haijalishi meno yako vipi, raba ya miaka hiyo yote imezeeka, na anayekuuzia anajua.

Mvua ya mwaka huu imekuja. Sitawadanganya kwamba pikapu imekuwa helikopta. Tulikwama mara moja, bondeni, kwa ule udongo mweusi. Tulitoa upepo, kutoka 40 mpaka 25, tukachimba kidogo mbele ya tairi, likatoka. Ukishuka chini ya hapo na tairi ya tyubu, tairi inaweza kuzunguka kwenye rimu ikang'oa vali, kwa hivyo usijifanye wa jangwani. Na ukishatoka, jaza tena kabla ya kubeba mzigo au kukimbia. Pale kwa mto mdogo, mahali pa ule usiku, sasa tunapita na gia ya mbele, polepole, bila kusimama.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua na lazima niliseme. Tangu Julai 2024, kila lita ya dizeli tunayonunua ina shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara. Zamani ilikuwa 18. Sheria ya huo ushuru ni ya 1993, mimi sikuwa nimezaliwa. Sasa fikiria: barabara ni mbovu, unanunua tairi kubwa. Tairi kubwa inakunywa dizeli zaidi. Dizeli zaidi ni ushuru zaidi wa barabara. Barabara bado ni mbovu. Yaani tunalipia barabara mara mbili, kwa pampu na kwa duka la tairi, na bado mama anabebwa mkononi kupanda kilima. Kwa hivyo tukijadili saizi ya tairi kwa baraza, tuulize pia lori mbili za murram na karavati moja pale kwa mto zingegharimu nini ukilinganisha na tairi za pikapu zote za kata hii. Tairi inasaidia gari moja. Karavati inasaidia hata yule anayekuja kwa miguu.

Mpaka hiyo karavati ifike, pima. Lala chini ya gari uone ni nini hasa kinakukwamisha. Ikiwa difu ina mikwaruzo ya mawe, basi urefu utakusaidia, tafuta urefu. Ikiwa ni meno yameisha, nunua meno, hata kwa saizi ile ile ya zamani. Ikiwa ni breki, acha tairi kabisa, tengeneza breki. Na ikiwa ni picha, hiyo pia ni haki yako, lakini nunua kwa pesa yako na uweke kwa gari lako, si lile linaloamshwa usiku na majirani.

Wewe uko na gari gani, umeweka saizi gani, na huko kwenu tope ni la aina gani? Niambie. Wa Ntimaru, wa Lolgorian, wa Isebania, najua mna stori. Na kama kuna mtu anauza 205R16 zenye meno mazuri, kuna jirani anatafuta nne. Tano, kwa kweli. Spea pia.